Mkeka wa Mwanafunzi

Huko Laguboti, kando ya ziwa, nyuma ya mashamba ya mpunga, kuna chuo cha ufundi chenye wanafunzi elfu moja na mia moja, walimu thelathini na mmoja, na mtu mmoja anayewajua wote kwa milango yao. Mtu huyo ni Lamria boru Siahaan, yaani binti wa ukoo wa Siahaan, ambaye tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza watu humwita Mama Gomgom. Hafundishi, wala hasahihishi. Kazi yake ni kulinda jukwaa la masomo la chuo, lile ambalo wanafunzi hulifungua kwenye simu zao wakasoma, wakafanya majaribio na kuangalia alama. Kulilinda maana yake ni kuamua nani aingie wapi, na akishaingia aguse nini.

Kazi hiyo hakuisomea. Mama yake alikuwa akiuza tambi nene za mi gomak sokoni Balige, zenye mchuzi wa kutia ganzi ulimi, na kwa tambi hizo Lamria akasomeshwa uhasibu mjini Medan. Alirudi kumuuguza mama, mama akafa, yeye akabaki. Chuo kikamwajiri kupiga chapa barua. Mwaka jukwaa lilipoletwa, fundi aliyelileta alikaa wiki moja, akaacha daftari na neno la siri kuu, akaenda zake. Hakuna aliyelitaka neno hilo. Lamria alilichukua kama mtu aliyeokota mtoto njiani: hukumzaa, lakini baada ya mwezi, anayethubutu kukwambia si wako ataiona rangi yako.

Alilikuta jukwaa halina mwenyewe. Kila mwalimu alikuwa na ruhusa zote, na mwalimu wa kilimo aliwahi kufuta somo zima la uchomeleaji akidhani anafuta la kwake. Lamria alikaa miezi mitatu akilipanga. Mwanafunzi asome, ajibu, aone alama zake na si za jirani. Msaidizi wa mwalimu aone alama za wote lakini asizibadilishe. Mwalimu atunge maswali, aone majibu yake, atoe alama, ila ndani ya somo lake tu. Akivuka kizingiti cha somo hilo ni mgeni kama mgeni mwingine. Na ufunguo mkuu, unaofungua kila mlango, akabaki nao yeye peke yake, naye huutumia kama chumvi.

Mkuu wa chuo, Bwana Parlindungan Hutagaol, aliwahi kuudai. Alisema haiwezekani mkuu akawa chini ya mpiga chapa. Lamria akampa nafasi ya kuona kila kitu bila kugusa chochote, akamwambia kwa adabu zote kwamba macho anayo, mikono hapana. Bwana Hutagaol alinuna wiki nzima. Miezi miwili baadaye akadanganywa kwa ujumbe wa uongo, akaandika neno lake la siri mahali pasipostahili, na mwizi akaingia kwenye jukwaa kwa jina la mkuu wa chuo. Mwizi yule alizunguka usiku kucha akisoma majina ya watu, asiweze kubadilisha hata nukta. Tangu siku hiyo mkuu hakuutaja tena ufunguo, na Lamria alipopita uani alikuwa akitembea kama mtu aliyejenga nyumba, mvua ikaja, nyumba isivuje.

Basi Jumatatu moja, mwisho wa muhula, Bwana Hutagaol alimwita ofisini. Mezani palikuwa na orodha. Taasisi inayomiliki chuo ilikuwa imeagiza walimu wote wamalize kozi ya kufundisha kwa mtandao, majaribio kumi na mawili, inayoendeshwa na binti mmoja wa Medan mwenye miaka ishirini na sita. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Asiyekuwa na alama hapewi darasa muhula ujao, na hakuna rufaa. Walimu thelathini walikuwa na alama. Mmoja hakuwa na hata moja, na jina lake halikuwamo kabisa.

Huyo mmoja alikuwa Mangatur Tampubolon, mwalimu wa uchongaji, mwenye miaka sitini na sita. Ndiye anayefundisha kuchonga mapambo ya nyumba zetu, yale ya rangi tatu, na hakuna mwingine chuoni anayeweza kukata mzunguko mmoja wa pambo lile bila kuinua patasi. Asipopewa darasa yeye, darasa halipo. Vijana kumi na tisa walikwisha jiandikisha.

Bwana Hutagaol alisema hashangai. Mbao haina kitufe, alisema, na mzee amewadanganya watu miezi miwili kwamba anasoma, kumbe anacheza karata.

Mangatur Tampubolon alikuwa mjomba wake Lamria. Hawakuzaliwa tumbo moja na mama yake, ila ukoo mmoja, na kwetu hiyo inatosha: ukoo wa mama yako ndio hula-hula wako, waliokupa mama, ambao baraka yako hupitia mikononi mwao. Mbele yao unashusha sauti. Huwatumi, huwakosoi, na ukiwa na ombi huendi mikono mitupu. Tena aliwahi kumwona mjomba huyo kwa macho yake, karakana ikiwa tupu, amevaa miwani mbili moja juu ya nyingine, akibonyeza kwa vidole viwili na kusoma swali kwa sauti kama anasoma zaburi.

Alirudi chumbani kwake, akafungua jukwaa, akalitafuta jina. Dakika tatu zilitosha. Mjomba alikuwamo ndani ya kozi. Lakini hakuwa mwanafunzi. Alikuwa ameandikwa mwalimu.

Na mkono uliomwandika hivyo ulikuwa wa Lamria mwenyewe. Alikumbuka hata mchana wake. Alikuwa akiwaingiza walimu katika kozi mmoja mmoja, wote wanafunzi, na alipofika kwa Tampubolon akashindwa. Amwandike mjomba wake mwanafunzi, chini ya mtoto wa Medan? Akampandisha, akafunga, akajisikia amefanya jambo jema. Yeye aliyemnyima mkuu wa chuo ufunguo, na akajivunia, alikuwa amemgawia mjomba wake nafasi kama mtu anayemsukumia mgeni kiti kizuri.

Sasa jukwaa halijui mjomba. Linajua nafasi. Mwalimu akifanya jaribio ndani ya somo, jukwaa huamini anayapima maswali kabla ya kuwapa wanafunzi. Humwacha ajibu, humwonyesha alama, kisha hulifuta jaribio lote, na katika daftari la alama halimwandiki, kwa sababu daftari lile ni la wanafunzi. Mzee wa watu alikuwa akimaliza, anaona themanini na mbili, anavua miwani zote mbili, anakwenda nyumbani ameridhika. Nyuma yake jukwaa lilikuwa likifagia.

Kulikuwa na jambo lingine, na hilo lilimpasua Lamria kuliko yote. Nafasi ya mwalimu hufungua ukurasa wa majibu sahihi. Kwa miezi miwili mjomba alikuwa na mlango huo umbali wa kidole. Jukwaa huandika nyayo za kila mtu, saa na dakika, kila ukurasa alioukanyaga. Lamria akazisoma nyayo za mjomba zote. Majaribio kumi na mawili, mengine saa tatu nzima. Ukurasa wa majibu hakuwahi kuufungua hata mara moja.

Jumanne alimweleza mkuu kila kitu, na kosa akalitaja kuwa lake. Bwana Hutagaol alisikiliza, akacheka kidogo, akasema mambo hayo hayana uzito: mwenye ufunguo ni nani?

"Andika sabini na tano katika kila jaribio, Mama Gomgom, twende tukanywe kahawa. Mzee mwenyewe umesema amejibu."

"Nitaandika, na pembeni yake jukwaa litaandika kwamba nimeandika mimi," Lamria alisema. "Watakaozisoma Medan wataona mpwa amempa mjomba wake alama. Nani atamwamini tena, mzee ambaye hajawahi kukopa hata patasi?"

"Basi ukamwambie arudie yote. Kwa siku tatu." Mkuu akamtazama. "Ukamwambie mjomba wako kwamba unamshusha awe mwanafunzi. Ningependa niwepo."

Alikuwa ameugusa mfupa. Lamria alilala na neno hilo, akaamka nalo. Alfajiri ya Jumatano alipika samaki kwa manjano na andaliman, ile pilipili yetu ya kutia ganzi ulimi, mzima na magamba yake, akamfunga kwenye kitambaa, akaenda karakana. Imefungwa. Jirani akamwambia mwalimu yuko kwenye ukumbi wa harusi barabara ya Porsea. Ukoo wa Pardede wanaozesha.

Mke wa Mangatur ni wa ukoo wa Pardede. Lamria alilijua hilo tangu utoto, kama anavyojua jina lake, lakini asubuhi hiyo halikumjia akilini mpaka aliposimama mlangoni mwa ukumbi na samaki wake mkononi.

Pardede walikuwa wameketi mikekani, mashuka ya ulos mabegani. Kati ya mistari, mgongo umepinda chini ya sinia la wali, jasho likimshuka hadi kidevuni, alikuwa akipita mjomba wake. Kwenye mkeka wa Pardede yeye si mjomba wa mtu. Ni mume wa binti yao. Ni boru, yaani upande wa waliooa kwao, na boru hupika, hubeba, huosha. Kijana wa Kipardede ambaye ndevu zake zilikuwa bado ahadi aliinua sahani yake bila kuinuka.

"Mkwe wetu, huku supu imetusahau!"

"Supu haikusahau, baba, inaogopa tumbo lako," mzee alimjibu, akaenda mbio kuileta, na mkeka mzima ukacheka. Hakuwa amenyong'onyea. Alipita kifua mbele, kama nahodha wa masinia. Nyati alipokatwa na minofu kugawanywa kwa jambar, kila nafasi na fungu lake, mbavu zilikwenda kwa walioketi kwenye mkeka wa heshima, na shingo ikaitwa kwa boru. Mzee alikwenda kuipokea kwa mikono miwili, uso uking'aa. Mtu asiyebeba sinia siku hiyo asingeitiwa shingo, hata awe na mvi kiasi gani.

Lamria alisimama pale mlangoni akaona alichokuwa hakioni tangu Jumatatu.

Alimfuata jikoni, kwenye masufuria makubwa. Akampa samaki kwanza, kama inavyopasa. Mzee akampokea, akamnusa, akamweka juu ya rafu.

"Samaki wa siku ya kazi," alisema. "Mpwa wangu amefanya jambo."

Lamria akamweleza. Alianzia mwanzo, hakujificha popote: jinsi alivyomwandika mwalimu kwa kumheshimu, jinsi jukwaa lilivyokuwa likifuta, jinsi mkuu alivyosema, jinsi Ijumaa inavyokuja. Mzee aliosha sahani huku akisikiliza. Kisha hakuosha tena. Alisimama na sahani moja mkononi, maji yakimdondoka kwenye viatu.

"Kumi na mawili yote?"

"Yote, Mjomba."

"Lile la tisa lilinitoa machozi. Lile la namna ya kutoa alama kwa kazi ya vikundi." Akaiweka sahani chini. "Na walimu wenzangu wanasema nilikuwa nacheza karata."

"Kosa ni langu, Mjomba. Niliona haya kukuandika mwanafunzi."

"Haya ya nini?"

"Mjomba ni mjomba."

Mzee akaelekeza kidevu ukumbini, kwenye mkeka, kwa yule kijana wa ndevu za ahadi.

"Yule nilimfundisha kushika nyundo. Leo ananiitisha supu, nami nampelekea. Nimepungua kilo ngapi?" Akakung'uta maji mikononi. "Kesho kutwa dada yako akiolewa nitaketi mimi mkekani, na wewe utanibebea wali, na nitasema hauna chumvi. Mafiga ni matatu, mpwa wangu: waliotupa mke, ndugu zetu wa ukoo, na waliooa kwetu. Hakuna figa lililozaliwa figa la juu. Uliniketisha kwenye mkeka wa heshima siku ambayo nilikuja kubeba sinia. Sasa shingo yangu iko wapi?"

"Haikugawiwa, Mjomba. Ilikuwa inaitwa kwenye mkeka wa wanafunzi, na wewe hukuwapo."

"Basi nipeleke huko." Akamkabidhi rundo la sahani zilizooshwa. "Lakini kwanza futa hizi. Leo wewe ni mpwa wa boru, sijui kama kuna nafasi ya chini zaidi ya hiyo."

Walicheka wote wawili, Lamria akalia kidogo, akazifuta sahani. Kabla hajaondoka alimwambia lile la mwisho: kwamba akiwa mwanafunzi baadhi ya milango itafungwa, ukurasa wa majibu hatauona tena.

"Ule wenye alama ya ufunguo? Sikuwahi kuugusa."

"Najua, Mjomba. Nimeona nyayo zako."

Mzee akainua sinia lake, akatoka nalo.

Jioni ile Lamria alimwondoa kwenye nafasi ya mwalimu na kumwandika mwanafunzi. Hakumwachia zote mbili. Angeweza, jukwaa linaruhusu, lakini hakutaka mtu apate la kusema. Alhamisi saa moja asubuhi mzee alikuwa karakana na miwani zake mbili. Vijana wa uchongaji walikuja kwa kazi zao, wakaambiwa wasigonge. Wakaketi kusugua mbao kwa msasa, taratibu, kama watu walio msibani. Kufikia saa tano majaribio manne yalikuwa yamekwisha, na kila moja Lamria aliliona kwenye kioo chake likiingia daftarini: 78, 84, 80, 90. Jaribio la saba likampa hamsini na tano, chini ya kiwango. Kila jaribio lina nafasi mbili. Mzee alitoka nje, akazunguka karakana mara tatu akisema na nafsi yake, akarudi, akapata sabini na mbili, akafaulu.

Mchana mvua ilishuka kutoka ziwani, mtandao ukakatika katikati ya lile la tisa, lile lenye machozi. Ulirudi saa kumi na moja jioni. Jukwaa lilikuwa limeyahifadhi majibu yake hadi swali la sita, na Lamria, aliyekuwa amelipanga lifanye hivyo miaka minne iliyopita watu wakimwambia anajisumbua, alikaa peke yake chumbani akitabasamu kama mjinga.

Ijumaa yalibaki majaribio matatu. La kumi na mbili liliingia saa tano na dakika ishirini. Themanini na sita.

Bwana Hutagaol alikuja mwenyewe chumbani kwa Lamria, orodha mkononi, na swali moja.

"Umeandika wewe?"

Lamria akamgeuzia kioo. Mistari ilishuka mmoja baada ya mwingine, siku, saa, dakika, na katika kila mstari jina lile lile, Mangatur Tampubolon, mwanafunzi. Jina la Lamria lilikuwamo mara moja tu, Jumatano jioni, pale alipombadilishia nafasi. Mkuu alisoma hadi chini, akarudi juu, akasoma tena, maana macho anayo. Kisha akachukua kalamu, akaandika darasa la uchongaji kwenye ratiba ya muhula mpya, vijana kumi na tisa, karakana ya kwanza. Alipotoka alipitia karakana. Alichomwambia mzee, Lamria hakukisikia, ila aliona kwa dirisha wakipeana mikono, na ni mkuu aliyetangulia kuunyoosha.

Alasiri Mangatur alikuja, akaketi kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, kama mjomba. Akataka kuliona jina lake. Lamria akamwonyesha daftari la alama: jina lilikuwa la ishirini na nane, kwa mpango wa herufi, kati ya mwalimu wa mapishi na mwalimu wa mitambo, wote wawili vijana aliowafundisha yeye. Mzee akaligusa jina kwa kidole.

"Pametulia hapa," alisema. Halafu akauliza, "Wako wangapi wengine?"

"Wengine gani?"

"Uliowapandisha kwa haya. Usiniambie nilikuwa peke yangu, nitajiona bora bure."

Lamria alikuwa amekwisha wahesabu tangu Alhamisi, mvua ikinyesha. Kumi na mmoja, katika masomo mbalimbali: mchungaji anayejifunza hesabu za ushirika akiwa ameandikwa mwalimu, mke wa mkuu wa zamani, wazee wawili wa bodi, na wengine. Wote ni hula-hula wa mtu fulani. Wote wanasoma, na hakuna anayeandikiwa kitu. Alikuwa akiwaza samaki kumi na mmoja.

"Samaki acha," mzee alisema, akainuka na kuvaa kofia. "Tutakwenda wawili. Wewe utawaeleza habari za jukwaa, maana mimi sizijui. Na wakiuliza ni mjomba wa nani atakayekubali kushushwa hivyo, hapo utanyamaza, nitasema mimi."

Walianza na mchungaji, siku hiyo hiyo, kwa miguu, maana si mbali. Njiani mzee alitangulia hatua mbili mbele, na kila aliyewasalimu alisimamishwa akaambiwa alama za jaribio la tisa.